Ajali Ina Kinga

Upo msemo tunaousikia kila panapotokea msiba, uwe wa barabarani, wa kiwandani, wa majini au wa angani. Husemwa kwa sauti ya upole, na mwenye kuusema hukusudia kumfariji aliyefiwa: "Ajali haina kinga." Leo twataka kuusimamisha msemo huo mbele ya wasomaji wetu na kuuhoji, maana twaona kwamba faraja yake ni ya siku moja na hasara yake ni ya miaka mingi. Na tutauhoji kwa jambo ambalo kwa wengi wetu laonekana liko mbali sana na jembe na nyundo, yaani helikopta ndogo, zile za watu wawili au wanne, ambazo marubani wengi duniani hujifunzia kazi yao.

Huenda ndugu yetu wa Kibaha au wa Kisarawe akauliza: "Helikopta zanihusu nini mimi?" Zinamhusu. Mwezi wa Desemba 2014 helikopta ndogo aina ya Robinson R44 ilianguka Kipunguni, upande wa Ukonga, na watu wanne waliokuwa ndani yake wakafa. Kipunguni si mbali. Mtu wa Kisarawe aendapo mjini kwa kupitia Pugu na Gongo la Mboto, sehemu hizo zi jirani na njia yake. Wale waliokufa walikuwa watumishi wa umma. Helikopta yenyewe ilikuwa zawadi, imetolewa mwaka huo huo na wafadhili wa Marekani ili itusaidie kupambana na majangili waliokuwa wakimaliza tembo wetu. Haikumaliza hata mwaka mmoja wa kazi.

Na mwaka huo haukuanza vizuri. Mwezi wa Aprili 2014 helikopta ya jeshi, kubwa kuliko ile ya Kipunguni, ilipata ajali katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere ilipokuwa ikianza safari ya kukagua maafa ya mafuriko. Ndani yake alikuwamo Makamu wa Rais wa wakati ule, Dkt. Mohamed Gharib Bilal, na Waziri wa Ujenzi, Dkt. John Magufuli. Wote walitoka hai, na nchi ikamshukuru Mungu. Oktoba 2015 Deo Filikunjombe, aliyekuwa Mbunge wa Ludewa, alikufa pamoja na wenzake watatu helikopta yao ilipoanguka katika Pori la Selous. Januari 2016 rubani Roger Gower aliuawa kwa risasi ya jangili alipokuwa akiruka juu ya Pori la Akiba la Maswa.

Katika misiba hiyo yote ni huo wa mwisho tu ambao kila mtu anaweza kumnyoshea kidole adui, akasema: yule ndiye aliyeua. Hiyo mingine tuliilia, tukazika, tukatawanyika, na wengi wetu tukarudi nyumbani na msemo ule ule mdomoni. Hapo ndipo lilipo kosa letu. Chombo kilichoundwa na mwanadamu, kikarushwa na mwanadamu, kikatunzwa na mwanadamu, hakianguki bila sababu. Sababu ipo. Ikijulikana, huweza kufundishwa. Na ikifundishwa, huweza kuzuiwa. Hiyo ndiyo kinga.

Tuitazame basi helikopta ndogo, tujue udhaifu wake uko wapi. Eropleni ya kawaida ina mabawa yaliyosimama. Injini ikizimika angani, mabawa huendelea kuibeba, ikateleza kwa muda kama mwewe. Helikopta haina mabawa ya namna hiyo. Mabawa yake ni yale mapangaboi ya juu, nayo hubeba chombo kwa sababu yanazunguka. Yakipunguza mzunguko kupita kiasi, hayabebi tena, na chombo huanguka kama jiwe.

Helikopta ya kujifunzia iliyoenea kuliko nyingine duniani ni Robinson R22, iliyobuniwa na Frank Robinson huko California, Marekani, na kupata kibali cha kuruka mwaka 1979. Robinson aliikusudia iwe chombo cha mtu binafsi, cha bei nafuu. Lakini kwa sababu ya unafuu huo huo, shule za urubani ziliikimbilia. Ni chombo chepesi: hata ikibeba watu wake wawili na mafuta yake, uzito wake haupaswi kuzidi kilo 620 hivi. Mapangaboi yake mawili ni mepesi pia, nayo huzunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika moja. Wepesi huo ndio sifa yake na ndio hatari yake. Gurudumu zito la mashine ya kusaga huendelea kuzunguka kwa muda baada ya moto kuzimwa; gurudumu jepesi husimama mara. Hivyo injini ya R22 ikifa angani, rubani ana sekunde moja au zaidi kidogo ya kushusha wenzo ulio mkono wake wa kushoto, ili upepo utokao chini uyashike mapangaboi na kuyazungusha mpaka chini. Akifanya hivyo, atashuka salama. Akichelewa kwa muda wa mtu kusema "Jamani, kuna nini?", mzunguko umekwisha potea, na hakuna nguvu wala ustadi wa kuurudisha.

Hatari ya pili yatokana na namna mapangaboi hayo yalivyofungwa. Yameegemezwa juu ya mhimili mmoja kama pembea ya watoto: upande huu ukipanda, ule hushuka. Muda wote ambao chombo kinaning'inia kwa uzito wake chini ya pembea hiyo, mambo ni shwari. Lakini rubani mgeni akisukuma usukani mbele kwa ghafla, uzito ule hupotea kwa nukta chache, kama mtu anavyohisi tumbo likipanda gari linapovuka tuta kwa kasi. Hapo mwili wa helikopta huanza kulala upande wa kulia. Mwanafunzi, kwa hofu yake, huvuta usukani kushoto. Mkono wake umefanya kile ambacho akili ya kila mtu ingeamuru, na kumbe ndicho kinachoua: kitovu cha mapangaboi hugonga mhimili na kuukata, au mapangaboi hukata mwili wa chombo chenyewe. Dawa yake ni kuurudisha usukani nyuma taratibu kwanza, uzito urudi, kisha ndipo kunyosha chombo. Mtu hawezi kulivumbua jambo hilo akiwa angani. Ni lazima afundishwe akiwa chini, na arudie mpaka mkono uzoee.

Wamarekani walijifunza hayo kwa misiba. Mwaka 1995 mamlaka yao ya usafiri wa anga iliweka masharti maalumu kwa helikopta hizo. Mwanafunzi wa R22 hakuruhusiwa kuruka peke yake kabla ya kufikisha saa 20 za kufundishwa pamoja na mwalimu, na kila rubani alitakiwa kufundishwa hatari hizi tulizozieleza. Mwalimu naye aliwekewa kiwango cha saa alizokwisha ruka. Mwaka 1996 bodi yao ya uchunguzi ikatoa taarifa nzima juu ya ajali za R22 ambazo mapangaboi yake yalishindwa kutawalika angani. Twaomba msomaji alione jambo hili vizuri. Hawakusema, "Ajali haina kinga." Walikusanya vipande, wakahesabu, wakaandika, wakabadili mafunzo.

Kadhalika juu ya moto. Ilionekana kwamba helikopta hizi zinapoanguka, hata kwa pigo ambalo mtu angeweza kulipona, matangi ya mafuta hupasuka na moto ukawamaliza walio hai. Kiwanda kikaagiza matangi yawekewe mifuko ya mpira ndani yake, isiyopasuka kwa urahisi. Australia ikalifanya agizo hilo kuwa sharti la lazima kwa R44 mwaka 2013. Mfuko wa mpira ndani ya tangi! Hiyo nayo ni kinga, nayo haikutoka mbinguni. Imetoka katika taarifa za ajali zilizosomwa na watu waliokataa kunyamaza.

Sasa tuilete habari hii nyumbani, Mkoa wa Pwani. Mtu hudhani kwamba nchi yetu ya joto, isiyo na theluji ila kileleni Kilimanjaro, haina hatari ya barafu. Si kweli. Injini yenye kabureta, kama ile ya R22, huchanganya mafuta na hewa katika tundu jembamba. Pale penye tundu hewa hupoa kwa nyuzi 20 na zaidi. Hewa ya kwetu ya pwani imejaa unyevu. Wenye nguo za kuanika wakati wa masika wanajua. Unyevu huo huganda ndani ya kabureta, ukaziba njia ya hewa, na injini ikafifia ilhali rubani anatokwa jasho kwa joto. Na mambo hayo hutokea zaidi pale rubani anapopunguza nguvu ili ashuke, yaani wakati yuko karibu na ardhi na hana nafasi ya kukosea. Kifaa cha kupasha kabureta joto kimo ndani ya chombo. Lakini kifaa kisichotumiwa ni sawa na mwavuli ulioachwa nyumbani.

Joto lenyewe nalo lina deni lake. Hewa ya moto na yenye unyevu ni nyepesi; mapangaboi huishika kwa shida, na injini hupungukiwa na nguvu. Helikopta inayopanda vizuri alfajiri huweza kukataa saa nane za mchana, ikiwa na watu wale wale na mizigo ile ile. Kitabu cha rubani kina majedwali ya kupimia jambo hilo. Asiyeyasoma kwa sababu jana aliruka salama anacheza kamari, na anaicheza kwa roho za wenzake.

Kisha tazama nchi yenyewe ilivyo. Kisarawe ina vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, ambako wakati wa mvua mawingu hukaa chini na ukungu hufunika miti. Kibaha inapitiwa na njia kuu za umeme ziendazo Dar es Salaam kutoka bara. Minara ya simu imeota kila penye mwinuko. Na tangu Juni 2024, treni zetu za umeme zinapokimbia kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kupitia Pugu, Soga na Ruvu, nyaya zake zimetanda juu ya reli mwendo wote. Twajivunia maendeleo hayo, nayo ni jasho letu. Lakini waya ni adui mkubwa wa helikopta irukayo chini. Hauonekani mpaka umekaribia, na jua likiwa usoni hauonekani kabisa. Rubani aliyejifunza juu ya ramani ya miaka mitano iliyopita haijui nchi anayoruka juu yake. Basi kila waya mpya, kila mnara mpya, hauna budi kuonyeshwa katika ramani za marubani na kuwekewa alama, na kazi hiyo isingoje mpaka mtu afe.

Yapo pia mambo ambayo hayatokani na chombo wala na nchi, bali na sisi wenyewe. La kwanza ni mafunzo ya haraka na ya bei ndogo. Katika nchi nyingi rubani kijana, akiisha kupata cheti, hufanya kazi ya ualimu ili apate kuongeza saa zake za kuruka. Hivyo anayemfundisha mgeni huwa mwenyewe bado ni mgeni. Mazoezi ya kushuka injini ikiwa imepunguzwa, ambayo yamekusudiwa kuokoa maisha, hugeuka kuwa ajali kwa sababu mwalimu alichelewa kuushika wenzo, akidhani kwamba mwanafunzi ameushika. Nani anashika usukani sasa? Swali hilo dogo linapasa kuulizwa na kujibiwa kwa sauti kila mara, "Nimeshika," "Nimekuachia," kama wabeba mizigo wawili wanavyoitana kabla ya kutua gogo.

La pili ni fedha. Helikopta za R22 na R44 hutakiwa zifunguliwe na kutengenezwa upya nzima zikifikisha saa 2,200 za kuruka, au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kazi hiyo ina gharama kubwa sana. Mwenye chombo hupata kishawishi cha kuandika saa pungufu katika kitabu, au cha kusema, "Mbona bado inanguruma vizuri?" Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Sisi twaongeza kwamba angani rahisi huvunja mifupa. Na pindi nchi au shirika linapopewa helikopta ya msaada, swali la kwanza lisiwe "Tutaipokea lini?" bali "Nani ataitunza, kwa fedha ipi, na marubani wake wamefunzwa saa ngapi katika aina hiyo hiyo?" Msaada ni chombo; utunzaji na mafunzo ni juu yetu wenyewe, na huko ndiko kujitegemea.

La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni ukimya. Mfanyakazi wa kiwanda cha Kibaha analijua jambo hili vizuri kuliko rubani. Mkanda wa mashine umechanika kidogo, fundi ameuona, lakini akisema, mashine itasimamishwa, msimamizi atakasirika, na pengine yeye mwenyewe atakatwa mshahara. Ananyamaza. Siku ya tatu mkanda unakatika na mkono wa mwenzake umekwenda. Angani ni vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyetua vibaya jana na hakusema, fundi aliyeona ufa mwembamba na hakuandika, rubani aliyeingia ukunguni akatoka kwa bahati na akaona haya kuwaambia wenzake, wote hao wamefukia mbegu ya msiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtu hawezi kuutaja ufa ikiwa malipo ya kuutaja ni kufukuzwa kazi.

Kwa ajili hiyo mataifa yalikubaliana kanuni ya busara. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Tanzania nayo imo, uchunguzi wa ajali ya ndege hufanywa kwa shabaha moja tu: kuzuia ajali nyingine. Haukusudiwi kugawa lawama. Lawama na mashtaka yana mahali pake pengine. Taarifa ya awali hutakiwa itoke katika siku 30, na taarifa ya mwisho itangazwe kwa watu wote, ikiwezekana katika muda wa miezi 12.

Tumekwisha kuona kwamba jambo hilo linawezekana kwetu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, na kuua watu 19, taarifa ya awali ilitoka mwezi huo huo, na wananchi wakaisoma na kuijadili. Jirani zetu wa Kenya nao, baada ya helikopta ya polisi kuanguka Ngong mwezi wa Juni 2012 na kumwua Waziri George Saitoti na watu wengine watano, waliunda tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, nayo ikasikiliza mashahidi hadharani. Na machungu ya mafunzo wanayajua pia. Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake wakafa, na ile ya abiria ikarudi salama. Kila taarifa ya namna hiyo ni darasa kwa shule zote za urubani za Afrika Mashariki, endapo itasomwa.

Basi twasema: isomwe, na isomwe kwa Kiswahili. Fundi msaidizi anayejaza mafuta, mlinzi wa uwanja, askari wa wanyamapori anayepanda helikopta kila wiki, mama wa Kipunguni aliyesikia kishindo karibu na nyumba yake, wote hao wana haki ya kujua kilichotokea kwa lugha yao. Taarifa iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni na kufungiwa kabatini haimwokoi mtu.

Nasi raia tulio chini tuna wajibu wetu. Tangu uchaguzi wa 2005 helikopta imekuwa chombo cha kampeni, na vyama vimeitumia, chetu kikiwamo. Yatua katika kiwanja cha shule, na watoto wote wa kijiji hukimbilia huko. Tuseme kweli: shangwe hiyo imejaa hatari. Pangaboi dogo la mkiani huzunguka kwa kasi hata halionekani, nalo liko kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Yale makubwa ya juu huinama yanapopunguza mwendo, na penye mteremko upande mmoja huwa karibu zaidi na ardhi. Asiikaribie mtu mpaka mapangaboi yamesimama kabisa. Aliye na sababu ya kuikaribia, aende kwa mbele, anakoonwa na rubani, akiwa ameinama, na kamwe asipite nyuma. Kofia, kanga, miavuli na mabango vishikwe imara. Na makatibu wa matawi, wanapoandaa kiwanja, waweke kwanza kamba na walinzi, ndipo waweke wapiga ngoma.

Na ikitokea siku chombo kikaanguka katika shamba lako, ndugu wa Mlandizi au wa Maneromango, kumbuka mambo mawili. La kwanza ni kuokoa watu, kama walivyofanya wavuvi wa Bukoba ambao walifika kabla ya wote. Lakini okoa bila sigara wala kibatari, na usiguse mafuta. Hatujasahau Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. La pili ni kutochukua kipande chochote. Kibati kilichopinda, ambacho wewe waona chafaa kuezekea banda la kuku, huenda ndicho shahidi pekee atakayewaeleza wachunguzi kwa nini watu walikufa. Mwenye kukiondoa ameficha ushahidi, na huenda msiba ule ukarudi kwa watu wengine.

Twamalizia kwa madai matatu, tukiyaelekeza kwa wenye madaraka bila kuzungukazunguka. Kwanza, kila ajali ya helikopta katika nchi yetu, iwe ya mtu mkubwa au ya mwanafunzi asiyejulikana, ichunguzwe kwa uzito ule ule, na taarifa yake itangazwe kwa Kiswahili. Pili, anayefunza au kufunzwa katika helikopta hizi ndogo apimwe kwa masharti makali ya saa na ya mazoezi, wala unafuu wa ada usiwe kisingizio cha kuyapunguza. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimekwisha kuanza kujenga mafunzo ya urubani nchini. Twakiombea kikue, na kikue kwa kuweka usalama mbele ya hesabu ya wahitimu. Tatu, mfanyakazi atakayetaja ufa, awe hangani au kiwandani, alindwe na ashukuriwe. Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003. Sheria haina mikono, mikono yake ni sisi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote yagharimu fedha nyingi. Ni kweli. Lakini nani amewahi kufanya hesabu ya rubani mmoja aliyesomeshwa miaka, ya baba mmoja asiyerudi nyumbani, ya watoto wanaokua wakiambiwa kwamba baba yao alikufa kwa bahati mbaya? Mtoto wa mkulima wa Kisarawe ana haki ya kuota ndoto ya kuruka, na mzazi wake ana haki ya kulala usingizi siku mtoto huyo anapopanda peke yake kwa mara ya kwanza. Haki hizo mbili hazipingani. Zitapatana siku tutakapoacha kusema ajali haina kinga, tukaanza kuulizana, katika kila tawi, kila karakana na kila kiwanja cha ndege: kinga yake ni ipi, na leo nani amekabidhiwa kuiweka?